Somo la Tisa: Ngitili na Chungu cha Nyumbani



Katika somo lililopita tulijifunza kusoma tarehe na kuandika kumbukumbu za mkutano. Somo la leo linahusu ardhi na chakula. Lisomeni kwa zamu, kila mmoja fungu moja. Mkifika penye swali, simameni kidogo mzungumze. Msikimbilie mwisho.

Wahenga walisema: Mwenye njaa hana miiko. Maana yake, mtu mwenye njaa hashiki makatazo. Methali hii ndiyo kiini cha somo letu. Tunataka kutunza ardhi, na kutunza ardhi kunahitaji makatazo: usikate, usichome, usilishe hapa mpaka mwezi fulani. Lakini tunatunga makatazo hayo kati ya watu ambao miezi mingine wana njaa. Je, tufanyeje ili makatazo yetu yashikwe?

1. Ngitili ni nini?

Wasomaji wengi wa Shinyanga, Simiyu na Geita wanalijua neno hili. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili majani yakue na kusimama. Hufungwa mvua zinapoanza, mwezi wa Novemba au Desemba. Hufunguliwa katikati ya kiangazi, mwezi wa Julai au Agosti, majani ya mahali pengine yanapokuwa yamekwisha. Halifunguliwi lote mara moja. Hufunguliwa sehemu moja, ikiisha inafuata nyingine. Wanaotangulia kuingia ni ndama, ng'ombe wanaokamuliwa, ng'ombe dhaifu na maksai wa kulimia.

Ziko ngitili za kaya na ziko ngitili za kijiji. Ya kaya huwa ya ekari chache. Ya kijiji yaweza kuwa ya mamia ya ekari.

Hii siyo elimu iliyoletwa na wataalamu kutoka mbali. Ni maarifa ya wazee wetu, Wasukuma na Wanyamwezi. Walijua kuwa ng'ombe hali mvua, anakula akiba ya mvua.

Swali: Katika kijiji chenu ziko ngitili ngapi? Nani alizianzisha?

2. Miti ilikwenda wapi?

Zamani sehemu kubwa ya Shinyanga ilikuwa na miti mingi: migunga, mikwaju, mibuyu na mingineyo. Miti hiyo haikuondoka kwa siku moja, wala haikuondolewa na mtu mmoja.

Kwanza, kulikuwa na mbung'o, inzi anayeleta ugonjwa wa malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ya Mwingereza iliendesha kazi ya kufyeka mapori ili mbung'o akose kivuli. Makao ya utafiti wa mbung'o yalikuwa hapa hapa Shinyanga. Watu walitolewa kwa wingi kwenda kufyeka. Mbung'o alirudi nyuma, na watu wakapata mahali pa kuishi na kuchunga. Lakini miti ilikwisha.

Pili, kulikuja kilimo cha pamba. Mashamba yalipanuka mwaka hata mwaka. Tatu, watu na mifugo waliongezeka, na kuni zikahitajika zaidi. Nne, kati ya mwaka 1973 na 1976 watu wengi walihamishiwa katika vijiji. Wakulima wengi waliziacha ngitili zao kule walikotoka. Ngitili iliyoachwa haikuwa na mwenyewe wa kuilinda.

Ilipofika miaka ya 1980, watu walianza kuiita Shinyanga jangwa la Tanzania. Udongo ulichukuliwa na maji ya mvua, na makorongo yakafumuka. Akina mama walikwenda mbali kutafuta kuni, na wengine walipikia samadi kavu na mabua. Samadi ikiingia jikoni, haifiki shambani. Basi kukosa kuni nako kulipunguza chakula.

3. Amri isiyo na maelewano

Yafaa tukumbuke jambo moja la historia. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma. Shabaha yake ilikuwa kuokoa udongo na malisho. Mengine yaliyoamriwa yalikuwa ya maana: kulima matuta yaliyofungwa kingo ili maji yasikimbie, kupanda mihogo kwa ajili ya njaa, kupunguza mifugo mahali palipojaa.

Lakini yaliletwa kwa amri. Aliyekosa alishtakiwa na kutozwa faini. Mtu aliambiwa auze ng'ombe wake bila kuulizwa ng'ombe huyo anamsaidia nini. Watu wakachukia. Mwaka 1958 wananchi wa Geita walikataa baraza la wilaya walilowekewa na serikali hiyo, wakaandamana kwa maelfu mpaka Mwanza. Chuki ya zile sheria za kilimo na mifugo nayo ilikuwa imechangia hasira yao. Katika miaka hiyo nguvu ya kuzisimamia sheria hizo ililegea, na watu wengi wakaacha matuta kwa sababu yaliwakumbusha ukoloni.

Tazama hasara yake. Jambo zuri likiletwa kwa njia mbaya, watu hulitupa pamoja na njia yake.

Swali: Taja jambo moja zuri ambalo kijijini kwenu lilikataliwa kwa sababu ya namna lilivyoletwa.

4. HASHI na kurudi kwa miti

Mwaka 1984 Rais Julius Nyerere alitembelea Shinyanga, akaona jinsi nchi ilivyokuwa tupu. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, kwa kifupi HASHI. Baadaye nchi ya Norway ilisaidia kwa fedha. Mradi uliendelea mpaka mwaka 2004.

Mwanzoni nguvu nyingi zilikwenda kwenye bustani za miche na kupanda miti, mingi yao ya kigeni. Mingi ilikufa kwa ukame na mchwa. Halafu wataalamu wakawauliza wenyeji: Je, ninyi zamani mlikuwa mkifanyaje? Jibu lilikuwa ngitili.

Kazi ikawa nyepesi zaidi. Chini ya udongo visiki na mizizi ya miti ya zamani ilikuwa bado hai. Eneo likifungwa ng'ombe wasiingie na shoka lisiingie, machipukizi huinuka yenyewe. Hapana haja ya kubeba maji kwa ndoo. Wakulima wa Niger, kule Afrika Magharibi, nao walifanya hivyo tangu miaka ya 1980. Waliacha visiki vichipue mashambani mwao, na miti ikarudi katika mamilioni ya hekta. Dodoma jambo hili wanaliita kisiki hai.

Sasa soma namba hizi polepole. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana katika Shinyanga zilikuwa za hekta 600 hivi. Miaka ya mwanzo ya 2000 ilikadiriwa kuwa zimefika zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu. Wakati huo mkoa wa Shinyanga ulikuwa mkubwa zaidi, kwa kuwa mikoa ya Simiyu na Geita iliundwa mwaka 2012, na sehemu kubwa ya Simiyu ilitoka Shinyanga.

Nani aliyezilinda? Siyo askari wa serikali. Wananchi walikaa katika dagashida, yaani mkutano wao wa jadi, wakatunga kanuni. Sungusungu wakazisimamia. Serikali za vijiji nazo zikatunga sheria ndogo. Pale ambapo kanuni za jadi na sheria ndogo za kijiji zilikubaliana, ngitili ilisimama.

5. Ngitili inalishaje chungu?

Wako wanaosema: Ardhi iliyofungwa ni ardhi iliyopotea, maana hailimwi. Tuwajibu kwa hesabu, tusiwajibu kwa hasira.

Ngitili hutoa vitu vinavyoonekana: kuni kavu, dawa, uyoga, asali, ukwaju, ubuyu, mboga za porini, majani ya kuezekea, fito na nguzo. Lakini liko jambo kubwa zaidi ambalo wengi hawalioni. Nalo ni nguvu ya maksai.

Mvua za kwanza zinanyesha Novemba. Anayelima wakati huo hupanda mapema, na mtama wake hukua kabla ukame wa Januari na Februari haujauma. Lakini kulima kunataka maksai wenye nguvu. Maksai aliyeshinda na njaa Septemba na Oktoba hawezi kuvuta plau Novemba. Mwenye maksai huyo hungoja wiki tatu au nne mpaka majani mapya yaote na ng'ombe apate nguvu. Akipanda, amechelewa.

Tufanye hesabu. Hizi ni namba za mfano. Ninyi baadaye mtaweka namba zenu.

Kaya ya watu 7 inakula debe 5 za nafaka kwa mwezi.
Kwa mwaka: debe 5 × miezi 12 = debe 60.
Gunia moja ni debe 6. Basi debe 60 ni gunia 10.

Kaya A ililima mapema ekari 3 za mtama, ikavuna gunia 3 kwa ekari.
3 × 3 = gunia 9, yaani debe 54.

Kaya B ililima ekari 3 kwa kuchelewa, ikavuna gunia 2 kwa ekari.
3 × 2 = gunia 6, yaani debe 36.

Kaya zote mbili zikianza kula mavuno mwezi wa Julai, chakula cha Kaya B kitafika Januari, na Februari itabaki na debe moja tu. Chakula cha Kaya A kitafika Mei. Tofauti yao ni debe 18, yaani zaidi ya miezi mitatu ya kula. Na miezi hiyo ndiyo ya palizi! Mtu anapalilia akiwa na njaa, au anaacha shamba lake na kwenda kulima kibarua kwa jirani.

Hivyo majani yaliyosimama Septemba ni ugali wa Februari. Ngitili nayo ni ghala, japo haina mlango wala kufuli.

6. Lakini ni ghala la nani?

Sasa tufike kwenye jambo gumu. Tusilikwepe.

Utafiti uliotolewa mwaka 2005 ulikadiria kuwa faida za ngitili katika Shinyanga zilikuwa na thamani ya dola 14 za Marekani kwa mtu mmoja kwa mwezi. Wakati huo wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini Tanzania ulikuwa dola 8 na nusu kwa mwezi. Hiyo ni faida kubwa. Lakini ule ni wastani, na wastani huficha mambo. Kama jirani yako ana ng'ombe 20 nawe huna hata mmoja, wastani wenu ni ng'ombe 10. Je, utakamua ng'ombe hao wa wastani?

Wataalamu waliona pia kwamba wenye ardhi kubwa na ng'ombe wengi walifaidika kuliko maskini. Hili siyo ajabu. Anayefunga ekari 10 ana ekari nyingine za kulima. Mwenye ekari 3 tu akifunga moja, anafunga theluthi ya chakula chake.

Tuchukue mfano wa kijiji kimoja. Hatukitaji jina kwa kuwa ni mfano tu, lakini huenda ukakifahamu.

Mvua zimekatika Februari. Mavuno ni haba. Desemba maghala mengi ni matupu. Mkutano wa kijiji unaitishwa kuzungumzia ngitili ya kijiji. Mama mmoja mwenye watoto watano anasimama na kusema:

"Wazee wangu, shikamooni. Mnaniambia nisiguse ngitili. Nimetii miaka minne. Lakini ngitili inalisha ng'ombe, nami sina ng'ombe. Watoto wangu wale majani? Naomba nikatiwe ekari moja pale nilime."

Mzee mwenye ng'ombe anajibu: "Mayu, neno lako ni zito. Lakini tukikukatia wewe, kesho watakuja hamsini. Itabaki nini?"

Kijana aliyerudi kutoka machimboni anasema: "Wazazi wangu, kuna mnunuzi wa magogo. Atatoa fedha taslimu kwa miti yote. Tugawane tununue mahindi."

Kila mmoja wa hawa ana haki. Mama ana haki ya kulisha watoto. Mzee ana haki ya kuogopa kesho. Kijana ana haki ya kutafuta njia. Kijiji kikimnyamazisha mmoja wao, huyo ndiye atakayeingia ngitili usiku na shoka.

Swali: Kama ungekuwa mwenyekiti wa mkutano huo, ungempa nani nafasi ya kusema kabla hujafunga mjadala?

7. Machimbo na miti

Neno la yule kijana tulitazame vizuri, maana sisi tunaishi karibu na dhahabu. Geita kulikuwa na mgodi tangu miaka ya 1930 mpaka mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulianza mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu, upande wa Kahama, mwaka 2001. Mbali na migodi mikubwa wako wachimbaji wadogo wengi, kuanzia Nyarugusu mpaka vijiji vya Kahama.

Mchimbaji mdogo anahitaji matimba, yaani magogo yanayosimikwa ndani ya duara ili kuta zisiporomoke. Tusiyadharau matimba. Yanaokoa maisha ya watoto wetu wanaoshuka chini. Wachimbaji wanahitaji pia kuni na mkaa wa kupikia. Kwa hiyo kila machimbo yanapofunguka, miti ya vijiji vya jirani hupata soko kwa ghafula.

Tena machimbo yanachukua vijana wakati wa kulima. Mashimo yanayoachwa wazi huua ng'ombe na watoto. Zebaki inayotumika kukamata dhahabu ikimwagwa ovyo huingia katika maji na samaki. Zebaki ni sumu, hasa kwa mama mjamzito na mtoto aliye tumboni.

Je, tuwaambie wachimbaji wasitumie miti? Hawatasikia, maana duara bila matimba ni kaburi. Liko jibu bora zaidi: tupande miti ya kuuza, tuache miti ya kutunza. Tangu miaka ya 1990 wataalamu wa kilimo mseto walijaribu Shinyanga mashamba ya miti ya mzunguko. Mkulima hupanda miche ya jamii ya migunga katikati ya mahindi. Miaka miwili au mitatu ya kwanza huvuna mahindi kama kawaida. Kisha miti huziba, naye huiacha ikue. Baada ya miaka mitano hivi huikata, huuza nguzo na kuni, na kulima tena mahindi pale pale. Shamba halikuacha kumlisha, nalo limempa mti wa kuuza.

Sasa hesabu ya fedha taslimu. Tuseme mnunuzi anatoa shilingi 2,000,000 kwa miti yote ya ngitili ya kijiji chenye kaya 200.
2,000,000 ÷ 200 = shilingi 10,000 kwa kila kaya.

Andika hapa bei ya debe moja la mahindi katika soko lenu: shilingi ............
Shilingi 10,000 zinanunua debe ngapi? ............
Debe hizo kaya yako itazila siku ngapi? ............
Miti hiyo ilikua kwa miaka mingapi? ............

Ukimaliza kujaza, hutahitaji mwalimu akuambie la kufanya.

8. Kanuni inayoshikika

Sheria za nchi zinakupa wewe mwanakijiji nafasi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakabidhi usimamizi wa ardhi ya kijiji kwa Halmashauri ya Kijiji, nayo hujibu mbele ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wa mkutano huo, mume kwa mke, mwenye ng'ombe na asiye na ng'ombe. Robo moja ya wajumbe wa halmashauri, au zaidi, lazima wawe wanawake. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kuwa na msitu wake wa hifadhi. Madini yaliyo chini ya ardhi ni mali ya taifa, lakini anayetaka kuchimba lazima awe na leseni, na hana ruhusa ya kuvamia shamba la mtu bila maelewano na fidia.

Sheria ndogo ya kijiji hutungwa na halmashauri baada ya kusikia maoni ya mkutano mkuu, kisha hupelekwa Halmashauri ya Wilaya kuidhinishwa. Sheria ndogo nzuri ya ngitili iseme mambo haya saba:

Kwanza, mipaka. Taja mti, jiwe, korongo au njia. Tembeeni wote mpakani.
Pili, siku ya kufunga na siku ya kufungua.
Tatu, nani anaingia kwanza na kwa idadi gani ya mifugo.
Nne, vitu ambavyo kila mtu anaruhusiwa kuchukua mwaka mzima: kuni kavu, mboga, uyoga, matunda, dawa, asali isiyorinwa kwa moto.
Tano, faini. Iwe sawa kwa mkubwa na mdogo. Mwenye ng'ombe 100 asitozwe kama mwenye mbuzi mmoja.
Sita, fedha. Nani anapokea, nani anaandika, nani anakagua. Hesabu isomwe mbele ya mkutano.
Saba, mwaka wa njaa. Mvua zikikatika, kijiji kitafanya nini?

Vijiji vingi huandika sita na kusahau la saba. Ndipo kanuni huvunjika mwaka ule ule inapohitajika zaidi. Mwenye njaa hana miiko. Basi mwiko wenyewe uweke chakula ndani yake.

Kile kijiji chetu cha mfano kilifanya hivi. Hawakukata ekari, wala hawakuuza miti. Walikubaliana kuwa kila mwenye ng'ombe alipe kiasi kidogo kwa kila kichwa kinachoingia ngitili. Fedha hiyo hununua mtama wakati wa mavuno bei ikiwa chini, na mtama huwekwa katika ghala la kijiji kwa kaya zisizo na ng'ombe. Kaya hizo zilipewa haki ya kukata na kuuza majani ya kuezekea. Wenye maksai walikubali kulima kwa zamu ekari moja ya kila kaya isiyo na maksai, katika wiki mbili za kwanza za mvua. Nazo kaya hizo zikatoa walinzi wa ngitili. Yule mama akachaguliwa katika kamati. Yule kijana akapewa eneo dogo la kijiji lililochakaa, apande miti ya matimba pamoja na wenzake.

Jambo moja hawakulimaliza. Mvua zikikatika miaka mitatu mfululizo, ghala litatosha? Wengine walisema ndiyo, wengine hapana. Wakapanga mkutano mwingine. Huenda darasa lenu likawasaidia kujibu.

Tukumbuke pia kuwa ngitili hazikuokolewa mara moja kwa daima. Tangu mradi wa HASHI ulipokwisha, baadhi zimegawanywa, zimelimwa au zimekatwa. Kizazi kilichozirudisha kinazeeka. Aliyekuwa kijana wa sungusungu mwaka 1986 leo ni babu. Kanuni ambazo hazikuandikwa zitakwenda naye. Ndiyo maana ninyi mnaojifunza kusoma na kuandika mna kazi ambayo wengine hawawezi kuifanya.

MANENO YA KUJIFUNZA

Wastani: jumla iliyogawanywa sawa kwa wote, ingawa wote hawana sawa.
Sheria ndogo: sheria inayotungwa na kijiji au wilaya kwa mambo yake.
Matimba: magogo ya kushikilia kuta za shimo la mgodi.
Kilimo mseto: kuchanganya miti na mazao katika shamba moja.
Fidia: malipo kwa mtu aliyepoteza mali yake.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Kwa nini ngitili zilirudi haraka kuliko miti iliyopandwa kwa miche?
2. Kwa nini sheria za mwaka 1947 zilichukiwa ingawa baadhi zilikuwa na faida?
3. Eleza kwa maneno yako: Majani ya Septemba ni ugali wa Februari.
4. Mama asiye na ng'ombe anafaidikaje na ngitili ya kijiji chenu? Kama hafaidiki, kanuni gani ibadilishwe?
5. Je, ni haki kijiji kukataza mtu kuuza mti ulio katika ngitili ya kaya yake? Gaweni darasa sehemu mbili: upande mmoja uunge mkono, mwingine upinge.

KAZI YA KIKUNDI

Tembeleeni ngitili moja pamoja na mzee anayeijua historia yake. Muulizeni ilifungwa mwaka gani, nani alikubali na nani alikataa. Andikeni majibu yake kama alivyosema.

ZOEZI LA KUANDIKA

Weka namba za kaya yako katika hesabu ya sehemu ya tano. Chakula chako kitafika mwezi gani? Kisha mwandikie Mwenyekiti wa Kijiji barua fupi, isiyozidi mistari kumi. Mwombe kuwa katika mkutano mkuu ujao kijiji kizungumzie jambo la saba: mwaka wa njaa tutafanya nini na ngitili yetu? Weka tarehe na jina lako. Usiibaki nayo daftarini. Ipeleke.